JOTO HUFUNGUA MLANGO, LAKINI NANI AMLETAYE MGENI?

Katika mabaraza yetu siku hizi yanasikika maneno mawili yanayosemwa kwa yakini kubwa, na yote mawili yatatudhuru tukiyaachia yapite. Neno la kwanza ni kwamba kuzidi joto kwa bahari ni taabu ya watu wa pwani peke yao. Kwamba mtu wa Mbeya au wa Iringa, ambaye mwezi wa Juni hulala chini ya mablangeti mawili, hana lake katika jambo hili. Neno la pili lina khatari zaidi, kwani hutoka vinywani mwa wakubwa. Mwani ukifa, husema "ni tabianchi." Matumbawe yakigeuka meupe, "ni tabianchi." Mdudu akimaliza tungule shambani, "ni tabianchi." Utadhani Tabianchi ni bwana mmoja aliyeshuka bandarini usiku bila ya pasi, akafanya uharibifu wake, akapanda jahazi akaenda zake, na Serikali haikupata hata kumwona kisogo.

Leo tutayajibu maneno hayo mawili kwa pamoja, na ushahidi wetu mwingi tutaufuata mbali na bahari, huko Nyanda za Juu za Kusini, ili asiwepo wa kusema kwamba wavuvi wanajililia wenyewe. Twasema hivi: joto hufungua mlango, na hilo hatulikatai. Walakini mgeni haingii kwa sababu tu mlango uko wazi. Yuko anayemchukua na kumleta, na yuko aliyepewa dhamana ya kuulinda mlango. Hao wawili wana vyeo na wana ofisi, na wanaweza kuulizwa.

CHAFI WETU UGENINI

Tuanze na jambo tunalolijua sote. Chafi, ambaye wengine humwita tasi, hakuna mtoto wa Nungwi, Kizimkazi wala Wete asiyemjua. Hapa kwetu ni kitoweo cha heshima. Anakula majani ya baharini, naye analiwa na wakubwa zake na na sisi, na mambo yake yamo katika mizani. Mwaka 1869 ulifunguliwa Mfereji wa Suez, na bahari mbili zilizokuwa zimetengana zikaunganishwa. Jamaa wawili wa chafi wakaanza kupita. Wa kwanza wao alionekana upande wa Mediterania katika miaka ya 1920, wa pili akamfuata baadaye, na leo katika pwani za kusini ya Uturuki wameyala majani ya baharini hata miamba imebaki mitupu, na samaki waliokuwa wakijificha na kukulia humo wamekosa nyumba.

Tena yuko yule samaki wa miiba yenye sumu, mwenye milia myekundu na mapezi yaliyotanda. Mwaka 1991 alionekana mmoja katika Mediterania, kisha ikapita kama miaka 20 asisikike. Mwaka 2012 akarudi, na safari hii akakaa, akazaa, akaenea Lebanon, Cyprus, Uturuki na Ugiriki. Wataalamu wanataja sababu mbili: mfereji uliozidi kupanuliwa, na bahari iliyozidi joto. Bunju naye alionekana huko mara ya kwanza mwaka 2003. Hukata nyavu kwa meno yake, na nyama yake ina sumu ya kuua, hata Serikali ya Cyprus ikafika kuwalipa wavuvi wake ili wamvue kumpunguza.

Angalieni basi: sababu ni mbili, si moja. Joto lilitengeneza makaazi, na mfereji ulitengeneza njia. Na mfereji haukuchimbwa na jua.

NGOME YA BARIDI

Sasa tupande milimani. Mji wa Mbeya uko kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Iringa kiasi cha mita 1,600. Kila mtu anapopanda mita 1,000, joto hupungua kwa kadiri ya nyuzi 6. Baridi hiyo ilikuwa ngome ya watu wale, tena ngome madhubuti kuliko yoyote waliyopata kuijenga Wareno hapa pwani. Wadudu wengi wa nchi za joto walikuwa wakifika chini ya ngome wakashindwa kupanda, au wakipanda hawazaani kwa haraka. Lau joto litazidi kwa nyuzi 1 tu, basi ni sawasawa na kuuchukua mji wa Mbeya na kuuteremsha mita 150 au zaidi kuelekea baharini, na watu wake wamo ndani, na mashamba yao yamo ndani, na hakuna aliyewauliza.

Nyuzi 1 si maneno ya kutisha watoto. Sehemu ya magharibi ya Bahari ya Hindi, ambayo ndiyo bahari yetu sisi, imepimwa, ikaonekana kwamba katika miezi ya Juni hadi Septemba joto la juu ya maji lilizidi kwa nyuzi 1.2 kati ya mwaka 1901 na mwaka 2012. Joto la bahari na joto la milima ni joto moja. Linatokana na moshi ambao wingi wake haukutoka Paje wala Tukuyu, bali umetoka katika viwanda na magari ya mataifa tajiri. Kwa hivyo mvuvi wa Pemba na mkulima wa Iringa wamepangwa nyumba moja, ijapokuwa mmoja yuko chini na mwengine yuko ghorofani.

Chukueni mfano wa tungule. Ilula, katika wilaya ya Kilolo, mkoa wa Iringa, ni nchi ya tungule. Apitaye njia kuu ya Iringa kwenda Morogoro huyaona matenga yamepangwa kando ya barabara. Nasi visiwani hatuwezi kusema hayatuhusu, kwani tungule na mbatata nyingi zinazouzwa Darajani na Mwanakwerekwe zimevuka bahari kutoka Bara. Mwaka 2014 alitambuliwa Tanzania nondo mdogo mwenye asili ya Amerika ya Kusini. Alikuwa ameingia Hispania mwaka 2006, akavuka hadi Afrika ya Kaskazini, akateremka kuja huku. Wakulima wamempa jina la Kanitangaze, na kwa hakika amejitangaza mwenyewe: funza wake huingia ndani ya jani na ndani ya tunda, na shamba lote huonekana kama lililobabuka kwa moto.

Hesabu ya mdudu huyu kila mwanachama aishike vizuri. Katika baridi ya nyuzi 14, yai lake huchukua siku 76 hata likawa nondo mzima. Katika nyuzi 20 huchukua siku 40. Katika nyuzi 27 huchukua siku 24 tu. Basi mkulima aliyekuwa akipambana na kizazi kimoja kabla ya kuvuna, sasa hupambana na viwili au vitatu, na dawa hununua mara mbili na mara tatu, na deni dukani huongezeka, na tungule hupanda bei hata kwa yule bibi wa Mkoani anayetia mbili katika mchuzi wake. Hivyo ndivyo joto linavyofanya kazi. Halimuumbi mdudu. Humpa nafasi na wakati.

Lakini hakuna mbawa za nondo zinazovuka bahari ya Atlantiki. Alisafiri ndani ya makasha ya biashara. Na hili wakulima wa Bara wamelijua zamani kuliko ofisi. Alipoonekana Tabora, mwanzo wa miaka ya 1980, yule dumuzi mla mahindi ghalani, mwenye asili ya Amerika ya Kati, walimbandika jina la lori: Scania. Wazee wale hawakwenda chuo kikuu, walakini walijua kwamba mgeni wa namna ile hupanda gari. Kisha akaja kiwavijeshi vamizi, aliyeonekana Afrika ya Magharibi mwaka 2016, na mwaka 2017 alikwisha kufika Tanzania, akashambulia mahindi, na Mbeya na Iringa ndizo miongoni mwa ghala kubwa za mahindi za nchi nzima. Wageni watatu katika umri wa mtu mmoja! Mara ngapi ataumwa mtu na nyoka wa shimo lile lile ndipo alizibe?

SATO WA KYELA

Tuteremke upande wa pili wa milima hiyo, tufike Kyela, mkoa wa Mbeya, penye Ziwa Nyasa. Ziwa hili lina kina cha kiasi cha mita 700, na samaki wake ni wa mamia ya aina, ambao wengi wao hawapatikani penginepo ulimwenguni. Watu wa huko wanaishi kwa usipa, na perege wa ziwani, na mbasa, ambaye hulitoka ziwa akapanda mito kwenda kuzaa. Maji ya kilindini yamepimwa: tangu mwaka 1939 hadi mwisho wa karne ya 20 joto lake lilizidi kwa kadiri ya nyuzi 0.7. Anayecheka kwa kuiona ndogo, na aelewe kwamba maji ya juu yakizidi joto huwa mepesi, yakaelea juu ya yale ya chini, na rutuba iliyozama haipandi tena kwa wepesi kuwalisha samaki.

Mwaka 2013 wataalamu wa samaki walitangaza kwamba sato, ambaye kwao ni mto Nile na maziwa ya kaskazini, ameonekana ndani ya bonde la Ziwa Nyasa, upande wa Tanzania. Sato ni samaki wa maji ya vuguvugu; maji yakishuka chini ya nyuzi 20 hivi, kuzaa kwake huwa shida. Ndiyo maana vijito vya baridi vya Rungwe na Mufindi vilikuwa na ulinzi wao wa asili, ilhali Kyela, iliyo chini na yenye joto, haikuwa nao. Na kadiri joto linavyopanda kuelekea milimani, ndivyo mpaka wa sato utakavyopanda. Khofu ya wataalamu ni kwamba huchanganyika na perege wa asili na kuwabanya, hata baada ya vizazi kadhaa yule aliyekuwapo tangu zamani asipatikane tena. Jirani zetu wa Malawi, ambao ziwa ni lao pia, walilijua hilo, na kwa miaka mingi wakakataza samaki wa kigeni wasiletwe nchini mwao. Ziwa moja, upande mmoja umefunga, upande wa pili umeacha wazi. Jee, samaki hujua mpaka?

Tuulize sasa suala ambalo mwenye kusingizia tabianchi hapendi kuulizwa. Sato alifikaje Kyela? Mto Nile haumwagi maji yake katika Ziwa Nyasa. Joto halina ndoo ya kubebea samaki. Wataalamu walioandika mwaka 2019 walieleza wazi kwamba perege wa kigeni wameenea katika mabonde mengi ya mito ya Tanzania Bara, na kwamba asili yake ni miongo ya watu kuwatia kwa makusudi, katika mabwawa na katika maziwa.

Na desturi hii si mpya. Wakati wa ukoloni, mabwana walitia trauti, samaki wa nchi za baridi, katika vijito vya Nyanda za Juu, ili wapate kupitisha jioni zao na ndoana. Hawakumwuliza mwenye kijito. Ukoloni umeondoka. Trauti amebaki, na ile desturi ya kutomwuliza mwenye kijito nayo imebaki.

NA SISI JEE?

Asidhani mtu kwamba tunawacheka watu wa Bara. Visiwa vyetu vimeonja zamani. Kunguru weusi tunaowafukuza majumbani waliletwa kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890, wakati wa utawala wa Kiingereza, na hata leo wanakula mayai na makinda ya ndege wetu. Mwaka 1989 kilianzishwa kilimo cha mwani katika pwani ya mashariki ya Unguja kwa mbegu iliyotoka Philippines. Hatusemi mwani ni balaa. Maelfu ya mama zetu na dada zetu wamesomeshea watoto na kujengea nyumba kwa mwani, na asiyelijua hilo hajapata kufika Paje wala Jambiani. Tunasema tu kwamba mwaka 2015 wataalamu waliandika kwamba mwani wa asili ya Asia umetoka mashambani ukaenea katika pwani yetu, ukashika nafasi ya mwani wa kienyeji. Alitangulia nani kuwaeleza wakulima kwamba jambo hilo linaweza kutokea?

Tena tazameni jinsi joto linavyochagua. Ule mwani wa kotonii, wenye bei nzuri zaidi, tangu mwanzo wa miaka ya 2000 umekuwa ukifa katika maji ya kina kifupi yaliyozidi moto, na mama akabaki na spinosamu, wenye bei ndogo. Anaambiwa ahamie kina kirefu. Kwa chombo gani? Na nani aliyemfundisha kuogelea? Mwaka 1998 na mwaka 2016 matumbawe yetu yaligeuka meupe kwa joto. Palipokufa matumbawe pana nafasi tupu, na nafasi tupu baharini haikai bila mpangaji. Atakayekuja kupanga hatumjui, na njia yake ipo: meli huchukua maji ya farumi katika bandari za mbali, zikayamwaga zifikapo, na ndani ya maji hayo mna mayai na vijidudu vya bahari nyengine. Mkataba wa mataifa juu ya maji ya farumi umeanza kutumika tangu tarehe 8 Septemba 2017. Kanuni basi ipo duniani. Tunalotaka kujua ni utekelezaji wake hapa.

Na hapa pana fumbo la mambo yetu ya Muungano. Kilimo si jambo la Muungano. Uvuvi wa pwani si jambo la Muungano. Bandari zimo katika orodha ya Muungano tangu mwaka 1964. Mdudu anayepanda lori Ilula, akalala Dar es Salaam, akavuka kwa jahazi hadi Malindi, amepita mikononi mwa wakubwa wa Serikali mbili, na ni wepesi kwa kila mmoja kumwonyesha mwenziwe kidole. Mlango wenye mabawabu wawili wasiosemezana ni sawa na mlango usio na bawabu.

NENO LA HADHARI

Hapa hatuna budi kusema jambo moja kwa uwazi. Tumelitumia neno "mgeni" kwa samaki, kwa mdudu na kwa mwani. Asitokee mtu, wa chama chetu au wa chama chengine, akalichukua neno hili akalibandika juu ya wanaadamu. Visiwa hivi vimelipa damu kwa neno hilo, na makovu yake yamo katika kila nyumba. Mkulima wa Ilula anayehamia Mwanakwerekwe ni mtu mwenye haki zake, na sisi wenyewe asili zetu zimekuja na pepo zote mbili, kaskazi na kusi. Tunayemshitaki ni mwenye madaraka anayefungua mlango bila ya idhini yetu, kisha akalaumu hali ya hewa.

WATASEMA

Watasema sato ni kitoweo, na sangara aliyetiwa Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950 ameleta viwanda na fedha za kigeni. Ni kweli, fedha zilikuja. Lakini kufikia miaka ya 1980 aina nyingi za samaki wadogo wa ziwa lile zilikwisha kutoweka, nao ndio waliokuwa kitoweo cha maskini, na minofu ya sangara ikapakiwa ndegeni kwenda Ulaya. Hatukatai faida. Tunauliza imegaiwa vipi, na kama mwenye khasara aliulizwa kabla.

Watasema pia kwamba sisi nchi ndogo hatuwezi kulipoza joto la dunia. Na hili ni kweli, na ndiyo hoja yetu khasa! Kwa kuwa joto hatuliwezi peke yetu, basi lile tunaloliweza lisituponyoke. Mwenye nyumba asiyeweza kuizuia mvua huziba paa lake; hakai uani akaitukana mvua. Kupanda kwa joto hakumpunguzii mlinzi kazi. Humzidishia.

TWATAKA HAYA

Kwanza, Serikali ipeleke mbele ya Baraza la Wawakilishi orodha ya kila kiumbe kilicholetwa kwa makusudi katika bahari na ardhi yetu tangu mwaka 1989, kimetoka wapi na kwa idhini ya nani.

Pili, wananchi wajuilishwe ni meli ngapi kwa mwaka zinazokaguliwa maji ya farumi, na matokeo yabandikwe bandarini kwa Kiswahili.

Tatu, asitiwe samaki, jongoo wala mwani wa kigeni mahali popote mpaka kamati ya wavuvi na wakulima wa mwani wa kijiji kile imeelezwa, na imeruhusiwa kusema LA.

Nne, joto la maji lipimwe Unguja na Pemba mwaka mzima, na khabari zake zifike madikoni, zisilale katika makabati. Mvuvi atakayemwona samaki asiyemjua awe na mahali pa kumpeleka, na apewe jawabu.

Tano, Serikali zote mbili zikae meza moja juu ya ukaguzi wa mazao yanayovuka bahari, ili mkulima wa Iringa na mlaji wa Pemba walindwe na bawabu mmoja anayejulikana.

Sita, mama aliyepoteza kotonii wake apewe chombo na mafunzo ya kina kirefu kama haki yake, wala isiwe sadaka ya wakati wa uchaguzi.

Ndugu Wanachama, kila tawi liyasome haya kwa sauti katika mkutano wake ujao. Wavuvi waulizwe wameona samaki gani wapya na wamekosa gani wa zamani, na katibu aandike majina na mahali. Wenzetu wa Kyela walipojua, sato alikwisha kuwamo katika bonde la ziwa. Sisi bado tuna nafasi ya kujua kabla. Atakayetujibu tena "ni tabianchi," tumwambie: joto tumelisikia, sasa tueleze wewe ulikuwa wapi.

Wabillahi taufiq.